Fatiha ya Bomba

Maji yaliyobaki chini ya dumu yalikuwa ya vikombe vichache tu, na Rahmo aliyagawia kazi kabla hajayamimina. Kwanza yangeosha mchele. Yale yale, meupe kwa wanga, yangesuuza vyombo vya maziwa. Yakitoka humo yananuka moshi, wangekunywa mbuzi wake wawili. Mbuzi wakisaza, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu ahamie Bulla Rajo, yangenyunyiziwa vumbi la mlangoni. Tope la Mto Tana lilikuwa limetuama chini ya dumu. Alilizuia kwa kitambaa, akasikiliza matone ya mwisho yakidondoka, kisha akalitikisa dumu tena.

Muuza maji wa mkokoteni alikuwa hajapita tangu juzi. Wengine walisema punda wake anaumwa. Wengine walisema punda ni mzima kabisa, ila bwana wake amepata wateja wanono ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, kule kwenye majumba mapya, ambako saruji inakunywa maji kuliko watu. Rahmo aliamini hili la pili. Alikuwa mtu wa kuamini la pili siku zote.

Na maziwa ya ngamia hayataki mzaha. Chombo kisiposuuzwa vizuri na kufukizwa kwa kijinga cha mgunga, maziwa yanachachuka kabla ya adhuhuri, na madereva wa tuktuk wanaokunywa kwenye banda lake la barabarani hawarudi. Hilo banda ndilo lililomlisha. Mabati machache, benchi, meza, na kivuli. Marehemu mumewe, Duale, alikuwa amenunua ploti kwa ng'ombe wa mwisho waliotoka hai Ijara mwaka wa ukame, akasimamisha banda kabla ya nyumba, akasema nyumba itasubiri lakini tumbo halisubiri. Kisha akafa, Rahmo akabaki kwenye kijumba cha matawi, na nyumba haijaacha kusubiri hadi leo.

Alipotoka kuanika vyombo kwenye ua wa miiba ndipo alipoviona vigingi. Vigingi vya mti vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani, kimoja kando ya banda lake kabisa, kingine mbele yake, na kingine, na kingine, vimenyooka kupita katikati ya Bulla Rajo bila kukata kulia wala kushoto, mpaka vikashuka kwenye laga na kupanda upande wa pili, kuelekea kwenye ukuta mweupe wa yale majumba. Jana magharibi havikuwepo.

Akasimama akivitazama, kijinga mkononi kinafuka moshi.

Tuktuk ilikuwa imezunguka mtaani tangu asubuhi na kipaza sauti. Wananchi wote waje baada ya swala ya adhuhuri, watoe maoni kama wanataka maji ya bomba. Kama wanataka! Mwenye kiu huulizwa? Na kama maoni yanatolewa leo, jana vigingi vilipandwa kwa maoni ya nani?

"Naa, Rahmo!" Osob, jirani yake wa ua mmoja, alimwita kwa juu ya miiba. Uso ulikuwa umemchanua kama bibi harusi. "Umeviona? Bomba linapita mlangoni kwako, mwenye bahati wewe! Mimi itabidi nije kwako na kata yangu."

"Linapita," Rahmo alisema. "Sijui kama linasimama."

"Ah! Wewe hata peponi utauliza mlango wa kutokea uko wapi." Osob akacheka mpaka akashika ua, akachomwa na mwiba, akazidi kucheka. Walikuwa wamepikiana uji wa uzazi, wamezikiana, wameazimana chumvi miaka yote hiyo. Rahmo akacheka pia, kwa nusu ya mdomo.

*

Hema lilikuwa limekodishwa mjini. Wanaume walikaa kwenye viti vya plastiki, wanawake kwenye mikeka nyuma. Meza ya mbele ilikuwa na kitambaa cha kijani na chupa ndogo ndogo za maji baridi zinazotoka jasho, na watu wa Bulla Rajo walizitazama hizo chupa kuliko walivyowatazama wageni walioketi nyuma ya meza.

Aliyesimama kwanza alikuwa Abdinasir, mwenyekiti wa kamati ya maji. Kamati ilichaguliwa lini, Rahmo hakukumbuka, ingawa mtu mwenyewe alimjua vizuri kuliko alivyotaka. Abdinasir alikuwa ndugu wa marehemu Duale, tumbo moja. Eda ilipoisha, wazee walimleta kwa ajili ya dumaal, ile desturi ya ndugu kumrithi mjane wa nduguye, na Rahmo akasema hapana. Alisema kwa adabu, nyuma ya pazia, kupitia shangazi, lakini hapana ni hapana. Tangu hapo kila neno lake juu ya Abdinasir lilihesabiwa kuwa kinyongo cha mwanamke.

"Ndugu zangu, mama zangu," alisema Abdinasir, "leo kiu inazikwa."

Wakapiga makofi. Kisha akasimama Keinan, afisa wa mipango kutoka ofisini mjini, kijana wao mwenyewe wa hapo hapo Garissa aliyesoma akarudi na miwani. Alizungumza vizuri. Alisema mji unakua, nyumba zinaota kila upande, na serikali haina mfuko usio na mwisho. Mtaa mpya lazima nao uchangie maji yake na barabara yake. Wafadhili wataweka bomba kubwa. Wananchi watoe sehemu yao, iwe alama kwamba mradi ni mali yao. Mwenye pesa atatoa pesa, mwenye mnyama mnyama, na asiye na hiki wala kile atatoa kipande cha ploti yake kwa ajili ya njia ya bomba.

 Rahmo hakuwa na pesa. Mbuzi wawili nani atawataka, mifupa mitupu. Basi ni ardhi, na ardhi kwake ilikuwa na kigingi tayari.

Akanyanyuka. Wanawake walimvuta shali, akaendelea kunyanyuka.

"Nina swali. Bomba kubwa tumelisikia. Matawi ya kuingia kwetu yako wapi? Nimeviona vigingi vya—"

"Shemeji, shemeji." Abdinasir aliinua kiganja, anatabasamu, na hema zima likatabasamu naye. "Maswali mazuri, tutayajibu yote. Lakini jambo la heri halianzwi kwa mabishano. Kwanza Fatiha. Maalim Salah, tafadhali, tufungulie."

Sasa, mtu wa mbali anaweza asielewe lililofanyika pale. Kwa watu hawa, jambo likishasomewa Fatiha limefungwa. Posa husomewa, diya ya damu husomewa, mapatano ya visima husomewa, na atakayerudi nyuma baadaye harudi kwa wanadamu tu. Keinan na miwani yake alilijua hilo, alilinyonya kwa mama yake. Ndiyo maana karatasi zote zilibaki kwenye mkoba, na aliyeinuka ni Maalim.

Mikono ikainuka. Viganja vya wazee, viganja vya vijana, viganja vyenye hina na viganja vyenye sugu, vyote vikaelekea juu. Maalim akaanza, sauti yake nzuri ikajaa hema.

Mikono ya Rahmo ilibaki chini ya shali.

Hakuwa ameipanga hiyo. Fatiha yenyewe aliisoma moyoni, neno kwa neno, kwa hofu na kwa mapenzi, kwa sababu Fatiha haina kosa. Mikono ndiyo aliyokataa kuwapa. Osob alimpiga kiwiko. "Inua mikono, utalaaniwa!" Rahmo akakaza vidole vyake pamoja. Alipoinua macho aliona Abdinasir, viganja usoni, akimtazama kupitia katikati ya vidole.

"Amin!" likaitika hema.

Chupa za maji zikafunguliwa, wageni wakanywa, na wakati wa maswali haukupatikana tena.

*

Jina lilimfika kabla ya magharibi. Huku kwao mtu hapewi jina la utani kwa hiari yake, likibandikwa limebandikwa. Rahmo Gacmo-laab. Rahmo Mkunja Mikono.

Wiki zikapita, mradi haujaanza. Abdinasir alipita msikitini na madukani akieleza, kwa huzuni kubwa, kwamba wafadhili wanataka kauli moja ya mtaa mzima, na kauli ya mtaa ina tundu. Hakutaja tundu ni nani. Hakuwa na haja. Wengi wape, wahenga walisema, usipowapa watakunyang'anya. Na wengi walianza kumnyang'anya Rahmo kidogo kidogo. Kwanza salamu zikawa fupi. Kisha wateja wa maziwa wa pale mtaani wakahamia kwa mwanamke mwingine, anayechanganya maji kwenye maziwa, kila mtu anajua. Muuza maji wa mkokoteni aliporudi na punda wake mzima, alipita mlangoni kwa Rahmo bila kupunguza mwendo.

Osob alikuja siku moja mchana, hakukaa.

"Mimi nimetoa mbuzi wangu wa maziwa," alisema. "Umesikia? Mmoja niliyekuwa naye. Wajukuu wangu wanakunywa chai ya rangi. Nimeshatoa, Rahmo, na bomba halitembei kwa ajili ya mikono yako."

"Ulipomtoa, walikupa nini mkononi?"

"Walinipa dua!"

"Mbuzi alikwenda wapi, Osob?"

"Si kazi yangu kumfuata mbuzi!" Sauti ya Osob ilipasuka, machozi yakamtoka, akayafuta kwa hasira. "Wallahi, wewe una ugonjwa. Unamwona mwizi katika kila kanzu. Labda watu wema wapo, unajua? Labda mara moja tu, mara moja, Mungu ametuletea watu wema, na wewe umekaa njiani."

 Rahmo alimpenda huyu mwanamke. Na usemi ule ulimwingia, kwa sababu hata yeye kuna wakati alijiuliza kama macho yake yameoza. Kule Ijara, utotoni, baba yake na wenzake walitoa mitamba kwa ajili ya kisima. Jenereta ilikuja, ikapigwa picha, ikaondoka na walioileta. Huenda tangu hapo ndani yake kuna kitu kimepinda. Huenda watu wema wapo kweli.

Baada ya siku chache, gari jeupe likasimama mbele ya banda. Wakashuka Abdinasir, Keinan na Maalim Salah. Mgeni ni mgeni, hata akija na kamba ya kukufunga. Rahmo akawatandikia mkeka, akachemsha chai kwa maji yote aliyokuwa nayo.

Keinan aliweka kikombe chini bila kukigusa. "Ahsante, eddo. Nina maji yangu garini."

Alimwita eddo, shangazi, kwa adabu kamili. Rahmo alikitazama kile kikombe kinapoa.

"Shemeji," alianza Abdinasir, "hatukuja kugombana. Umeuliza swali mbele ya watu, leo tumekuja kulijibu. Uliza."

"Matawi."

"Awamu ya pili," akasema Keinan. "Kwanza bomba kuu, kisha matawi. Huwezi kujenga tawi bila shina, eddo."

"Awamu ya pili inaanza lini?"

"Fedha zikipatikana."

"Na wale wa ng'ambo ya laga? Wao wanatoa nini? Wametoa mbuzi?"

Keinan akatabasamu kidogo. "Wale ni wawekezaji. Wamesamehewa mchango kwa sasa, ili wengine wavutike. Mji haukui bila wawekezaji."

"Kwa hiyo mwenye ghorofa amesamehewa ili avutike, na mimi nikatwe ploti kwa sababu nimeshafika."

 Keinan alivua miwani akaifuta. Alieleza tena, taratibu, jinsi unavyomweleza mtoto, kwamba hizi ni taratibu za miji yote duniani. Rahmo hakumsikiliza. Alimgeukia mzee.

"Maalim. Wewe ulitusomea. Umewauliza bomba letu linakatia wapi?"

Maalim Salah alikuwa akizungusha tasbihi. Dugsi yake, madrasa ya mabati, haikuwa na maji ya udhu. Watoto walitayamamu kwa mchanga kabla ya kushika msahafu. Aliahidiwa tangi, mtaa mzima ulijua. Hakuinua uso.

"Mimi nimeambiwa nisome, nimesoma," alisema. "Mengine Mungu anayajua."

 Safari hii alisema Abdinasir, kwa upole sana, upole wa mtu mwenye kisu na wakati.

"Hii ploti, Rahmo, ni ya marehemu ndugu yangu. Karatasi zina jina lake. Wewe umekaa, sisi tumenyamaza, kwa sababu ya udugu. Lakini ukoo ukikutana uangalie upya nani anastahili nini, mimi sitakuwa na la kusema. Utatoa kipande, au utaulizwa yote."

Haya basi. Ndilo lililokuwa ndani ya gunia tangu mwanzo, na sasa limetoa kichwa. Rahmo alihisi hasira ikimpanda hadi machoni, kisha ikashuka, ikamwacha amechoka tu. Alitazama banda. Alimtazama Maalim, ambaye alitazama tasbihi. Alimfikiria Osob na wajukuu wake.

"Chukueni," alisema. "Lakini semeni mmechukua. Msiseme nimetoa."

"Nia njema ndiyo inayoleta baraka, walaal, dada yangu," Maalim alinong'ona.

"Basi nia mtaiweka nyinyi."

Abdinasir alikunywa chai yake yote, na kwa kuwa Keinan hakuitaka yake, akainywa na ile pia.

*

Banda lilibomolewa asubuhi moja, kazi ya muda mfupi tu. Mtaro ulichimbwa mahali palipokuwa na benchi, na bomba likalazwa humo, nene, la buluu, zuri kwelikweli. Watoto walilipiga makofi kama wanavyompiga ngamia. Kwa siku hizo Bulla Rajo ilikuwa na sherehe. Hata Rahmo alipewa salamu ndefu. Osob alileta mahamri, akasema, "Umeona? Umeona sasa?" na Rahmo akala hamri, akasema ameona.

Mtaro ukafukiwa. Bomba likashuka kwenye laga, likapanda upande wa pili, likaingia chini ya ukuta mweupe. Sherehe ya kufungua maji ilifanyika ng'ambo huko, kwa kadi za mwaliko. Watu wa Bulla Rajo walisikia muziki.

Miezi ikaingia. Ukisimama juu ya ukingo wa laga uliweza kuona maua. Maua mekundu yanayopanda ukutani, Garissa, mwezi wa kiangazi! Awamu ya pili ilingoja fedha. Kibanda kimoja cha kuuzia maji kilifunguliwa pembeni mwa mtaa, kina mita na kufuli, na kijana aliyeuza pale alikuwa mtu wa Abdinasir. Bei ilikuwa ile ile ya punda, ila punda aliwahi kukopesha.

Ungedhani sasa watu wangemjia Rahmo, waseme, mwenzetu, uliona. Thubutu! Aliyeona kabla ya wengine hasamehewi upesi. Maneno yaliyokuwa yakizunguka kwenye kibanda cha maji na sokoni yalikuwa mengine: kwamba heri ya mradi iliingia doa siku ile ya kwanza. Kwamba Fatiha ilisomwa na mikono miwili ikabaki chini. Kwamba mtu akitoa kwa kinyongo, baraka hukatika. Si ndiye aliyesema mbele ya Maalim, "semeni mmechukua"? Bulla Rajo haikupata maji kwa sababu ya Gacmo-laab. Rahmo aliyasikia haya kutoka kwa wateja wake wa tuktuk, wachache waliobaki, ambao sasa walikunywa maziwa yao wamesimama juani. Mwanzoni alicheka. Baadaye hakucheka.

Kisha ikaja alfajiri ile. Alitoka kutayamamu, akakanyaga ubaridi.

Aliondoa mguu haraka. Akainama, akagusa. Ardhi ya mtaro ilikuwa imelowa, nyeusi, na katikati palikuwa na kitu kinachochemka taratibu, kinasukuma mchanga pembeni. Jambo la kwanza alilowaza lilikuwa choo. Huenda majumba yale yameanza kurudisha uchafu wao kwa njia ile ile. Akanusa. Hakuna harufu. Akachota kwa kiganja, akaonja kwa ncha ya ulimi. Yalikuwa maji. Matamu, safi, hayana tope. Bomba lilikuwa limepasuka lenyewe, chini ya pale lilipokuwa benchi lake.

Hata hapo hakuamini mara moja. Alikaa akiyatazama, akitafuta hila iko wapi. Maji ya bure ni ya nani? Nani ameyaacha hapo, ili nani aonekane akiyachota? Alitazama barabarani huku na huku. Hakukuwa na mtu. Akachukua udhu, udhu kamili wa maji, uso, mikono, miguu, akasali, na kwenye sijda alilia.

Baada ya swala alikwenda uani.

"Osob," aliita taratibu. "Osob, lete madumu."

Osob alileta madumu. Osob alileta na binti yake, binti akaleta jirani, na jua lilipochomoza wanawake wa nusu ya mtaa walikuwa wamepiga magoti kwenye ploti ya Rahmo, wanafukua mchanga kwa mikono ili kidimbwi kipanuke. Waliongea chini chini mwanzoni, kisha kwa sauti, kisha kwa vicheko. Mtu alimwaga maji kichwani kwa makusudi, wenzake wakapiga kelele za furaha. Mmoja alimpisha Rahmo, akamwita dada. Rahmo alijazia wengine madumu yao, tope limemfika kwenye viwiko, na kwa muda huo alisahau kushuku kitu chochote.

Gari liliposikika, vicheko vilikatika. Alikuwa Abdinasir na mlinzi wa majumba, na nyuma yao gari la polisi, askari wawili, watu wa kutoka mbali.

"Ng'ambo hakuna presha ya maji tangu alfajiri," mlinzi alisema.

"Nani amekata bomba?" askari aliuliza kwa Kiswahili.

Wanawake walisimama na madumu yao.  Askari alitembea kando ya kidimbwi, akaipita mikono yote iliyojaa tope, akarudia. "Hii ni mali ya umma. Kuharibu ni jela. Nauliza mara ya mwisho, ama nabeba wote. Nani?"

Rahmo alijiambia: watasema ukweli, kwani ukweli ni mdogo na rahisi. Bomba limepasuka. Akamtazama Osob. Osob alikuwa ameshika dumu kwa mikono miwili kifuani, amelikumbatia, limejaa mpaka juu.

"Alikuwa wa kwanza hapa," Osob alisema, kwa Kisomali, akimwambia Abdinasir, si askari. "Ndiye aliyetuita. Na tangu mwanzo alikuwa hautaki huu mradi. Kila mtu anajua."

"Kweli," sauti nyingine ikasema nyuma.

"Hata Fatiha alikataa."

Abdinasir alitafsiri. Alitafsiri vizuri, hakuongeza hata neno.

"Afande," Rahmo alisema, na Kiswahili chake cha sokoni kikamponyoka vipande vipande, "mimi habana funja. Baibu nabasuka yenyewe. Mimi naamka, nakuta maji."

"Ilipasuka yenyewe, mbona hukuripoti?"

"Nariboti kwa nani?"

Askari wa pili alicheka, si kwa ubaya. "Panda gari, mama. Utaeleza huko."

"Osob," Rahmo alisema. "Osob, niangalie."

Osob hakuangalia. Alikuwa akitafuta kifuniko cha dumu lake mchangani.

Walimpandisha nyuma, mikono ikiwa bado na tope, na mlinzi akamfungia mlango. Kupitia wavu wa dirisha alimwona Abdinasir akitoa simu, akimpigia fundi. Aliongea kwa sauti ili wote wasikie.

"Usikimbie, warya. Kunywa chai yako kwanza. Watu wangu hapa wachote kidogo." Akawageukia wanawake, akaeneza mikono. "Choteni, mama zangu. Leo ni sadaka yangu kwenu."

"Mungu akuzidishie!" walimwitikia. "Mungu akulipe, Abdinasir!"

Gari likawaka. Wanawake walirudi kwenye kidimbwi wote kwa pamoja, wakasukumana, dumu likaanguka, likamwagika. Osob alijitupa katikati yao, mikono imetanda, akaanza kuwapanga foleni.

"Polepole, naa!" alipiga kelele. "Msimwage! Haya ni maji ya Abdinasir!"